Tarikhi ya Serwaa, Aliyetoa Mkono wa Kushoto Mbele ya Nana

Sogeeni, enyi mnaotwanga na mnaouza, enyi mafundi wa Suame wenye mikono ya grisi, zimeni mashine zenu kitambo kidogo. Na wewe uliye mbali, usiyejua Kumasi iko upande gani wa jua, vuta kigoda nawe usikie. Wengine wamesimuliwa vita vya wafalme na majeshi yaliyofunika mabonde. Mimi nawaletea habari iliyozishinda zote, niliyoishuhudia kwa macho yangu haya nikiwa nimeketi kwenye benchi la shule na mkoba nimeukumbatia kifuani: habari ya binti yangu Serwaa, Mwenye Shanga, Mfagia Bakuli la Fufu, na siku aliyotoa mkono.

Ndiyo, mkono. Ngojeni.

Katika mtaa wetu palikuwapo kikosi cha skauti, na kikosi hicho kilikuwa dola ya wavulana tangu babu zao walipovaa kaptula. Walikuwa na bendera, na ngoma iliyopasuka upande mmoja, na sufuria nyeusi ambayo hakuna mama aliyeruhusiwa kuisugua. Na mguu wa binti haukuwahi kuvuka mstari wao wa chokaa. Hata siku moja ikaja amri kutoka kwa wakubwa wao kwamba wasichana nao wapokewe. Kiongozi Amponsah, bwana wa soksi zilizopandishwa hadi magotini na filimbi isiyopumzika, akaisoma amri hiyo mbele ya kikosi, na kikosi kikavuma kama mzinga uliopigwa teke.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa Dwomoh, mkuu wa doria ya Chui, mwana wa fundi wa giaboksi, shujaa mwenye sauti iliyoanza kukatika na masharubu yaliyokuwa yangali njiani. Alisimama akahutubu. Aliuliza wasichana watalala hema lipi, na maji ya kambini atawabebea nani, na wakilia usiku atawabembeleza nani. Binti yangu, aliyekuwa amekuja na barua ya ruhusa yangu na alikuwa angali nje ya mstari wa chokaa, akauliza kwa heshima zote ni nani aliyembembeleza yeye Dwomoh kambini, siafu walipompanda. Mtaa mzima ulijua habari ya siafu. Hotuba ikaishia hapo.

Lakini vita vyenyewe havikuwa na Dwomoh. Ili mjue ukali wake, lazima kwanza mzijue sheria mbili zilizogongana.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya Nana Pokuaa, mama yangu mzazi, Amirijeshi wa Kibanda cha Samaki wa Moshi, ambaye wateja humsogelea wakiwa tayari wameshapanga maneno yao. Kwa Nana, mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, hautoi, wala haumwelekezi mgeni njia. Dwomoh huyohuyo aliwahi kumnyooshea pesa ya samaki kwa kushoto. Nana akamwambia arudi kwao, atoke tena mlangoni kwao, aje upya, kwa kuwa yeye alikuwa hajamwona mtu. Naye akaenda, akarudi, akatoa kwa kulia.

Basi Mungu, katika mizaha yake, akamletea Nana mjukuu wa mkono wa kushoto. Serwaa alilipapasa titi langu kwa kushoto kabla hajafungua macho vizuri. Kijiko alikishika kwa kushoto. Nana hakumpiga, si mtu wa fimbo. Alitunga shanga za njano, akamfunga kifundo cha mkono wa kulia, akamwambia mkono wenye shanga ndio wenye adabu. Mtoto akakua akila kwa kulia, akiandika kwa kulia, na ule mwingine akiuficha nyuma ya mgongo kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Sheria ya pili ilikuwa ya skauti. Skauti kwa skauti husalimiana kwa kushoto. Kiongozi Amponsah hulieleza jambo hili akiwa amefumba macho: kwamba mashujaa wetu wa kale walishika ngao kwa kushoto, na aliyekupa mkono huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Na kikosi chetu kilikuwa na desturi yake yenyewe, kali kama pilipili ya kijani: siku ya kiapo, atakayetoa mkono wa kulia mbele ya bendera havishwi skafu. Anarudi nyuma ya mstari, anangoja sherehe nyingine, na sherehe ni moja kwa mwaka.

Mnaona basi mtego. Mabinti wawili wa mwoka mikate walikuwa wamesema waziwazi kwamba watamfuata Serwaa akivuka, na asipovuka watarudi kwenye mikate. Wavulana nao walisema asipovuka, amri ile itundikwe ofisini karibu na kalenda, inzi waisome.

Katika mazoezi Dwomoh ndiye aliyesimama badala ya Kiongozi, kidevu juu, mkono wa kushoto mbele. Serwaa alipiga hatua, akasimama wima, akapiga saluti iliyonifanya nimeze mate. Kisha, ole wetu, mkono wenye shanga ukanyanyuka wenyewe. Wakarudia. Ukanyanyuka tena. Wakarudia hadi mpiga ngoma akaketi.

"Ule mwingine umeusahau nyumbani?" Dwomoh akamwuliza. "Nenda kauchukue, tutakungoja."

"Upo," akasema Serwaa. "Unamwogopa Nana."

Wavulana wakaangua kicheko. Dwomoh hakucheka, aliikumbuka ile pesa ya samaki.

Nyumbani tulifanya mazoezi nyuma ya tangi la maji, Nana akiwa amelala usingizi wake wa alasiri, mimi nikiwa Kiongozi Amponsah na ufagio ukiwa bendera. Kwangu mkono ulitoka. Ulitoka taratibu, kama konokono baada ya mvua, ukaingia ndani ya wangu, laini, haujui kazi, na mimi mama yake nikatambua kwamba sikuwahi kuushika hata siku moja bila kuurudisha nyuma.

"Mama, Nana atakuja Jumamosi?"

"Atakuja. Nguo ameshashona."

"Basi hautatoka."

Nilitafuta maneno makubwa, ya kumwambia mtoto ayabebe maisha yake yote. Sikupata hata moja. Nikaendelea kuushika tu mkono ule, hadi wali ukaungua, Nana akaamka na kuuliza kwa nini nyumba inanuka kama kambi ya askari.

Ikafika Jumamosi, siku iliyoandikiwa kukumbukwa. Na hapa, enyi mlionisogelea, ndipo kosa la kikosi lilipojitokeza, kosa ambalo hakuna aliyelitambua tangu enzi za babu. Miaka yote wavulana waliapa huko ng'ambo ya kijito, peke yao; mama zao waliletewa kaptula chafu tu. Lakini safari hii, kwa kuwa wasichana wanaingia na isije ikasemwa wameachwa wapweke, Kiongozi Amponsah, kwa moyo wake mwema, aliwaalika akina mama na nyanya wote. Wakaja. Wakaja na vitambaa vya kichwa vilivyosimama kama minara, wakajaza mabenchi ya uwanja wa shule, na katikati ya benchi la mbele, nguo yake ikiwa bado ina harufu ya dukani, akaketi Nana Pokuaa.

Ngoma ikalia. Wa kwanza kuitwa alikuwa Dwomoh, avishwe utepe wa mkuu wa doria mbele ya watu wote, ili wageni waone jinsi jambo linavyofanywa. Alikuja kwa mwendo wa simba aliyeshiba. Akasimama. Akapiga saluti. Mkono wa kushoto ukaanza safari yake tukufu, na hapo ndipo jicho lake lilipokutana na la mama yake, na pembeni ya mama yake, la Nana.

Mkono ukasita hewani. Ukageuka. Ukaingia mfukoni, na wa kulia ukatoka badala yake, umelowa jasho.

Kiongozi Amponsah, ambaye Nana ndiye aliyemfundisha kusalimia wakubwa alipokuwa hajaota meno ya mbele, alikuwa naye amekwisha kuliona benchi la mbele. Akatoa wa kulia. Mikono miwili ya kulia ikakutana chini ya bendera ya skauti, ikatikiswa kwa bidii kubwa, na kisha wote wawili wakaitazama kama watu waliookota nyoka.

Desturi ni desturi. Dwomoh akarudi nyuma ya mstari bila utepe, masikio yamewaka. Akaitwa wa pili. Huyo alitoa mikono yote miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Wa tatu alipiga saluti, akaendelea kupiga saluti, hakuushusha mkono hadi alipoondolewa. Nikaona dola ya wavulana, iliyosimama tangu enzi za babu, ikianguka mbele ya kina mama waliokuwa wanajipepea tu na wala hawajui wamefanya nini. Nana akamwuliza jirani yake, kwa sauti yake anayodhani ni ya chini, kama watoto hawa wamekula asubuhi.

Ndipo filimbi ikalia, na likatajwa jina la Serwaa.

Alitoka. Skafu za wenzake zilikuwa bado mezani, zimekunjwa. Nyuma yake mabinti wa mwoka mikate walikuwa wameshikana. Alikuja kwa hatua fupi, soksi moja imeshuka, na moyo wangu ukatembea pamoja naye bila viatu. Akasimama mbele ya Kiongozi. Saluti. Nikauona mkono wenye shanga ukianza kunyanyuka, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, alikuwa ameugeuzia mgongo uongozi wote wa skauti. Alikuwa anamtazama Nana.

"Nana," akasema, na uwanja ukanyamaza, hata mbuzi wa jirani. "Niwie radhi kwa kushoto."

Hayo tu. Maneno tusemayo kila siku sokoni, mzigo ukiujaza mkono wa kulia na mtu anataka chenji yake. Maneno ambayo kila mvulana wa kikosi kile ameyasikia tangu mgongoni kwa mama yake. Na katika miaka yote ya bendera na ngoma, hapakuwa na shujaa aliyefikiri kwamba yanaweza kuvushwa mstari wa chokaa.

Nana aliitengeneza nguo begani. Akamtazama mjukuu wake, akautazama ule mkono uliokuwa nyuma ya mgongo, kama apimavyo samaki kibandani.

"Nimekuwia radhi," akasema. "Haya, unyooshe sawasawa. Usimpe mwenzio mkono uliolegea."

Nawe mkono wa kushoto, uliyeishi gizani, ukatoka. Ukapita ubavuni, ukapita kiunoni, ukafika mbele ya bendera ukiwa umenyooka kama mkuki, ukaukamata wa Kiongozi Amponsah na kuutikisa hadi filimbi ikaruka shingoni mwake. Skafu ikavishwa. Sikumbuki kama nilisimama juu ya benchi. Waliokuwepo wanasema nilisimama.

Mabinti wa mwoka mikate wakafuata, mmoja akimwomba radhi shangazi yake, mwingine akimwomba radhi kila mtu ili asikosee. Kiongozi akafunga daftari lake. Ndipo Mwenye Shanga akanyoosha kidole nyuma.

"Mstari haujaisha, Kiongozi."

Kweli, haukuwa umeisha. Mwishoni kabisa, nyuma ya wasichana, walisimama wale wawili walioanguka, na Dwomoh. Kiongozi Amponsah alifikiri juu ya desturi, kwamba aliyekosea arudi nyuma ya mstari na kungoja; ule mwaka mzima akaufumbia macho. Akaona kwamba amerudi, na amengoja. Akampigia filimbi. Dwomoh akaja, safari hii si kwa mwendo wa simba. Akamgeukia mama yake, akasema, kwa sauti iliyokatika vipande viwili, amwie radhi kwa kushoto.

"Nilikuwa najiuliza adabu uliiweka wapi," mama yake akasema, na akina mama wote wakapiga makofi, nao wale wengine wawili wakapita nyuma yake kama maji.

Kwa furaha ya siku hiyo Kiongozi Amponsah alijisahau, akamwendea Nana na mkono wa kushoto mbele. Nana akautazama tu, hadi ulipoingia mfukoni na wa kulia ukatoka.

Siku ya pili, Nana alipotoka kanisani, alikaa barazani na sindano na bakuli la shanga, akamwita mjukuu wake, akamfunga uzi mwembamba kifundo cha kushoto.

"Hizi ni za skauti," akamwambia. "Si za fufu. Nikikuona unakula na mkono huu, nazikata mwenyewe."

Basi na ijulikane, kuanzia Suame hadi mahali barabara zinapopoteza majina, kwamba katika kikosi chetu hakuna tena skauti, mvulana wala msichana, anayetoa mkono wa kushoto kabla ya kuomba radhi kwa aliye mkubwa uwanjani. Na anayeyakagua maneno hayo kila Jumamosi, filimbi mdomoni, akimrudisha nyuma ya mstari yeyote anayeyatamka kwa uvivu, ni Dwomoh. Falme zimeinuka na kuanguka kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Na mwanangu, Mwenye Shanga Pande Zote Mbili, hulala sasa mikono yote miwili ikiwa juu ya shuka, na mimi hupita kumfunika, nikiiacha palepale ilipo.