Damu ya Kitovu kwenye Ndoo ya Migebuka

Jumatatu, 3 Machi

Mama anakaribia kujifungua. Nimepata mpango!

Mdogo wangu Jeannine, miaka saba, ana selimundu. Miguu imemuuma tena, analia kwa sauti ndogo ili Mama asisikie. Mimi nina shahada ya biolojia, najitolea kufundisha sekondari hapa Mpanda, na nyumbani kazi yangu ni kuchemsha maji ya kumkanda. Aibu.

Lakini damu ya kitovu ina seli shina! Seli ambazo hazijamaliza kuamua zitakuwa nini. Zile za mimba changa kabisa zinaweza kuwa chochote: moyo, mfupa, ngozi. Za kitovu zimeshachagua njia, zitazaa damu tu. Inatosha. Uboho wa Jeannine unazaa chembe zilizopinda kama mundu. Tungeupata mwingine mzima. Mtoto wa baba na mama mmoja ana bahati moja kati ya nne ya kulingana naye.

Moja kati ya nne. Sitaki kuiwaza.

Jumatano, 5 Machi

Sospeter, muuza samaki kutoka Karema, amenijazia barafu kwenye ndoo, ya kupozea damu. Kauliza ni samaki gani huyo anayenitoa machozi. Nimesema ni mradi wa shule.

Kikwazo ni Bibi Vénérande. Kondo la kila mtoto wa ukoo huu lazima lizikwe chini ya mgomba, ili mtoto ajue kwao. La kwake lilibaki Burundi, alikimbia akiwa binti, na anaamini ndiyo sababu halali vizuri. Nimemfafanulia seli shina hadi koo likakauka. Akauliza kama zinajua Kirundi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvulana! Muuguzi Zuleha alimkabidhi Bibi kondo ndani ya ndoo yenye kifuniko. Bibi akaingia kumbariki mtoto. Nikabadilisha ndoo, nikamwachia ile yangu ya barafu. Zinafanana kabisa!

Nyuma ya zahanati nikavuta damu ya kitovu kwa bomba la sindano. Nikafunika kondo lililobaki, nikaipeleka damu mbio kwa Arcade. Tulisoma wote chuoni, akanishinda kila mtihani, sasa ana maabara yake. Kaigeuza chupa. Haikumwagika. Imeganda. Sikuweka dawa ya kuzuia kuganda. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angekumbuka.

Hakucheka. Ningependa acheke.

Jumamosi, 8 Machi

Sikujua kuwa Sospeter alikuwa ameficha migebuka wawili chini ya barafu, zawadi kwa mzazi. Bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, amewazika kwa sala zote. Mbwa wamewafukua mbele ya majirani.

Nilitarajia matusi. Bibi kakaa tu kwenye udongo, khanga imelowa.

“Mwanangu, sasa huyu mtoto kwao ni ziwani?”

Nikamletea kondo lenyewe. Kalizika bila kunitazama. Jeannine katoka ndani anachechemea, akamshika mkono.

Jioni Arcade kaja. Kaeleza polepole, kana kwamba nami ni mgonjwa, kuwa hata damu ingekuwa nzima hapa hakuna pa kuihifadhi. Kuwa seli hizo hazipo kwenye kitovu peke yake, zimo ndani ya mifupa ya kila mtu. Kisha akaniuliza swali.

“Wewe ni dada yake wa damu. Umeshapimwa?”

Nilimwambia chai imeisha.

Nikipimwa nikakosa kulingana naye, nitakuwa dada wa kazi gani? Sasa hivi bado naweza kuwa yule wa kumponya. Bado sijawa yeyote.

Jumanne, 11 Machi

Arcade katuma ujumbe. Alhamisi atachukua damu yangu na ya Jeannine, ipelekwe Dodoma kulinganishwa. Mama kalia kwa furaha. Jeannine keshakunja gauni lake la Krismasi juu ya kiti.

Sijajibu.

Kwa sababu leo Jeannine kang'oka jino, na ndani ya jino la utoto kuna seli shina! Za kuzaa mfupa na meno, si damu, hilo najua. Lakini labda zikibembelezwa. Bibi alimwita alirushe juu ya bati. Nikampenyezea punje ya hindi, akairusha. Jino ninalo, kwenye kikombe cha maziwa baridi.

Ameniuliza kama Alhamisi sindano tutachomwa pamoja. Nimemwambia asubiri kidogo. Nimalizane kwanza na hili jino.