Uchumi wa Butembo Unapanda

Butembo, Jumatatu, tarehe 4 Juni 2001

Chef Gérard anataka rapport, yaani ripoti, ya uchumi kwa wakubwa wa Beni. Ionyeshe kwamba, vita au hapana vita, watu chini ya utawala wa mouvement yetu wanaendelea. Atakayeiandika vizuri atapewa kiti, cheo cha ofisini, Beni. Ananie, wa meza ya pili, anakitaka pia. Kabla ya saa sita nilikuwa kwa Jéthro seremala. Zamani aliuza viti. Sasa ni masanduku ya maiti tu, na anauza mara tatu zaidi. Nikaandika: useremala umepanda mara tatu. Aliniuliza nani amekufa kwetu. Nikamwambia hakuna, nahesabu tu. Akarudia randa yake.

Jumatano, tarehe 6

Mke wangu Kavuo amerudi kutoka shamba letu la Vuhovi na kikapu kitupu. Askari wamevuna maharagwe yetu yote. Miaka kumi tulikula kutoka shamba lile bila kununua, kwa hiyo halikuonekana katika rapport yoyote. Leo amenunua maharagwe sokoni. Biashara ya chakula: juu. Nilimweleza polepole kwamba tumesaidia uchumi. Akaweka kikapu chini.

"Muyisa, banatuibia, na wewe unaandika tumetajirika?"

Formulaire, ile karatasi ya kujaza, haina mahali pa vitu vilivyoibiwa.

Alhamisi, tarehe 7

Ananie ameleta karatasi yake: mashamba yaliyoachwa, vijiji vilivyokimbiwa. Chef aliisoma, akaikunja, akamwuliza kama anataka kulala cachot, mahabusu. Ananie alirudi mezani. Nilimhurumia kidogo. Kiti ni changu.

Jumanne, tarehe 12

Nimetoka Beni. Wakubwa wameifurahia rapport yangu. Wamesema watu wenye maendeleo kama haya wanaweza kuchangia vita zaidi. Kodi imeongezwa kwa kila nyumba, yangu pia. Na sisi makarani wa bureau hatutalipwa miezi mitatu, maana raia matajiri watatulisha. Kile kiti wamempa shemeji ya mmoja wao.

Jumamosi, tarehe 16

Kavuo hasemi nami. Tangu Jumatano anatoka alfajiri kuwalimia watu kwa malipo ya siku. Ndiyo tunayokula. Jana alikaa mlangoni akilia kimya, viganja vimechubuka. Nilikaa karibu naye. Miaka yote alilima shamba lake, hakuna aliyemhesabu. Sasa ana kazi ya kulipwa.

Nimeanza rapport mpya. Mustari wa kwanza: ajira inapanda.