Linki Arobaini na Moja za Kikuubo

Tamim alikuwa anapita Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla Kampala, kidole kwenye simu, macho kwenye mabango. Wenzake huja kutafuta bei ya jumla. Yeye alitafuta websaiti zilizokufa. Akaona bango la duka la vitenge, anwani ya websaiti imeandikwa chini kabisa. Akafungua. Akabofya "Agiza hapa." Weupe. "Bei." Weupe. "Tupigie." Weupe pee.

"Banange," akanong'ona, "leo Mungu amenipikia na kunipakulia."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kazi ya heshima kabisa: kutafuta linki zilizokatika, kumtisha mwenye duka, kuziunga kwa dakika kumi, na kulipwa kama mtu aliyechimba kisima.

Begani alibeba laptopu ya dada yake Maimunah, mwalimu kule Bwaise anakoishi naye. Ndani yake kulikuwa na alama za mtihani za darasa la saba zima, na hedimasta alizitaka saa kumi jioni, bila hadithi. Tamim alikuwa ameiazima "nusu saa tu" tangu asubuhi. Kazi alifanyia kwenye simu. Laptopu ilikuwa ya kuonekana.

Kwenye kaunta alikaa msichana wa mtandio wa kijani, anapanga vibanio vya nywele.

"Madamu, unapoteza wateja hivihivi umekaa."

"Mimi? Niliwaweka wapi mpaka wapotee?"

"Websaiti ya duka. Linki arobaini na moja zimekufa." Zilikuwa tatu. Lakini tatu inamtisha nani?

Msichana akashika kifua. "Bambi! Maiti arobaini na moja, na mimi niko hapa nauza vibanio!"

"Cheka tu. Mteja wa Juba akiona weupe, anahamia kwa jirani."

"Basi tengeneza, ssebo. Mimi Nabilah. Paswadi ile pale ukutani, imeandikwa kwa kalamu ya makapeni. Linki zote zipeleke kwenye namba yangu hii. Lakini hapa Kikuubo, mgeni akishikishwa ufunguo anaacha kitu. Acha laptopu."

Tamim akaliona darasa la saba zima likimkodolea macho. Kisha akazidisha arobaini na moja mara bei yake. Akaacha laptopu.

Dakika kumi, kazi kwisha. Akakaa kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, saa mbili nzima, maana kazi ikiisha haraka inaonekana nyepesi.

Aliporudi, kwenye kaunta kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, mpana, ametulia.

"Mama, Madamu Nabilah yuko wapi?"

"Ule wa vibanio? Alilipia kiti tu, ya asubuhi. Saa yake imeisha, ameenda."

"Kiti? Si duka ni lake?"

"Lake? Papa, duka ni yangu, Marie-Louise! Hapa hata kona ya kaunta inapangishwa. Weye unatoka wapi?"

Tamim alizaliwa Kampala. Duka moja, wafanyabiashara sita: nani asiyejua? Ila ile arobaini na moja ilikuwa tamu mno, akasahau kuuliza.

Laptopu nayo haikuwepo. Ikabidi aeleze. Marie-Louise akabofya "Agiza hapa" kwenye simu yake, ikafunguka WhatsApp, na picha ya Nabilah, anatabasamu.

"Wateja wangu umewapeleka kwa ule mutoto!" Akamkamata shati.

"Ngoja, mama! Namtega." Akaandika haraka: *Mimi tajiri wa Arua. Nataka belo kumi. Uko wapi nije?*

Jibu likaja palepale: *Karibu boss! Usisumbuke, nakuletea sampuli. Tuma hela ya boda.*

Tamim akatuma. Wakasubiri. Picha ya Nabilah ikapotea: amemblock.

"Umetuma?" Marie-Louise akauliza.

"Nimetuma."

"Kwa mwizi?"

Akacheka mpaka akakalia vitenge. Lakini shati hakuliachia, hadi Tamim alipozirudisha linki zote tatu kwenye namba ya mwenye duka, bure, jasho linamtoka.

Simu ikalia. Maimunah. Saa tisa na nusu.

"Dada, kuhusu laptopu, kuna jambo kidogo..."

"Laptopu iko hapa. Alama zote zimo."

Tamim nusura ambusu Marie-Louise. "Iko hapo? Imefikaje?"

"Msichana mmoja mpole sana. Ameona namba yangu imebandikwa chini, akaniletea mpaka nyumbani kwa boda. Sikuwa na hela ya kumshukuru."

"Alhamdulillahi. Sasa umempa nini?"

"TV yako. Amekusalimia sana."