Volti Mia na Hamsini za Bibi Zamda

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mungu amenikumbuka! Bibi Zamda, jirani yetu hapa Isevya, ametangaza: fundi atakayeifufua redio ya mbao ya marehemu mumewe ndiye atakayepangishwa fremu yake ya duka, ile ya barabarani. Fremu! Mimi Dionis, fundi wa chini ya mwavuli, niwe na mlango na kufuli! Mpinzani ni mmoja tu, Mustafa, fundi simu wa mwavuli wa pili. Maskini.

Redio ni ya vali za kioo. Inataka volti 150. Bibi ana betri ya volti 12. Rahisi! Nitaunda saketi ya kupandisha volti. Imebaki transista tu, ya kukata na kuunga umeme haraka haraka.

Jumanne, 15 Julai
Nimeipata! Imetoka kwenye amplifaya iliyokufa. Ya chuma, nene, nzito. Mustafa kasoma namba zake, kasema mwisho wake volti sitini. Nikamwambia ashughulike na vioo vya simu. Nikawasha. Mita ikapanda: arobaini, hamsini, sitini... paa! Moshi. Mustafa kanipa pole. Pole ya kinafiki.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeunguza ya pili, nene zaidi. Mke wangu Agnetha kauliza kama na nyumba imo kwenye mpango.

Mustafa kaniletea transista ya chaja mbovu ya simu. Punje ya mahindi! Eti inastahimili volti mia nne, eti tutazame volti, si unene. Nilicheka hadi nikakohoa.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaijaribu. Volti 150! Redio ikakoroma, ikaimba! Nimecheza peke yangu hadi mwavuli ukaanguka.

Jumamosi, 19 Julai
Siku ya kukabidhi. Lakini nimwonyeshe Bibi kipunje kile? Heshima iko wapi? Asubuhi nikakitoa, nikafunga dude jipya la chuma, kubwa kuliko yote.

Baraza ilijaa watu. Nikaamkia, nikaitikiwa marahaba, nikawasha kwa madaha.

Paa!

“Dionis!” Bibi Zamda akapiga kelele. “Umemuua mume wangu mara ya pili!”

Mustafa akaomba kile kipunje, nikakitoa mfukoni, akakichomelea palepale. Redio ikaimba. Bibi akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akamkabidhi Mustafa funguo. Saketi yangu! Koili, waya wote ule, nimezungusha mimi!

Jumapili, 20 Julai
Mustafa kanipa kona ndani ya fremu, na meza. Nina mlango! Kaniandikia na karatasi ya kuchagulia transista: kwanza volti, kisha ampea, kisha joto. Mwandiko mzuri.

Nami nimegundua kosa. Lile dude lilikuwa dogo. Kesho naagiza kubwa zaidi kutoka Igunga.

Meza ilikuwa inayumba. Nimekunja karatasi mara nne, nimeiweka chini ya mguu mfupi. Imetulia tuli!