Namtafuta Babu Barnaby

Jumatatu, 4 Juni 1934
Mama Pridmore kanikatalia tena. Eti hamwozi binti yake Lavinia kwa muuza misumari asiyejulikana mbele wala nyuma. Septimus Gower, daktari wa meno anayemposa Lavinia kama mimi, alikuwepo, anakula keki. Keki niliyoileta mimi! Huyo ana ngao ya ukoo ukutani, kainunua London. Basi nikaropoka kwamba babu wa bibi yangu, Barnaby, alitoka Jumba la Aldersby. Ni kweli. Marehemu bibi alisema hivyo mara nyingi. Hakusema tu alitokea mlango gani, wa mabwana au wa watumishi. Mama Pridmore akaweka kikombe chini. Anataka kuona ushahidi Jumapili, baada ya ibada. Ebo!

Jumatano, 6 Juni
Nimeshinda kanisani Aldersby nikipekua vitabu vya ubatizo. Waaldersby chungu nzima, na wote William! Kasisi kaniuliza kwa upole kama sina duka la kufungua. Watu wengine hawana adabu.

Ijumaa, 8 Juni
Nimempata! Nilipenya kwa mabwana wa Aldersby kupitia tundu la michongoma. Suruali imechanika, potelea mbali. Nyuma ya bustani ya waridi kuna jiwe la kaburi, dogo, safi: BARNABY. MWAMINIFU MPAKA MWISHO. 1831–1843. Nimelia, sisemi uongo. Miaka kumi na miwili ni michache kwa mtu aliyeacha wajukuu, lakini wachonga mawe wa zamani walikuwa walevi, nani asiyejua? Na mbona hakuzikwa kanisani na wenzake? Unyenyekevu. Ndivyo ulivyo ukoo wetu.

Jumapili, 10 Juni
Sijui nianzie wapi. Nimempeleka Lavinia na mama yake, Septimus kajialika. Nikapiga magoti, nikaweka maua, nikaanza kumlilia babu kwa sauti. Mara akatokea Bwana Aldersby mwenyewe, buti zimejaa matope, akavua kofia. Akanishukuru! Akasema miaka mingi hakuna aliyemletea Barnaby maua, na wilaya nzima haijapata tena mbwa hodari wa kuwinda sungura kama yule. Jiwe la pili, lile lililofichwa na nyasi, akasema, ni la mke wa Barnaby, Flossie. Kisha akaniuliza nilimjuaje. Nilimjuaje!

Septimus alicheka mpaka akaegemea mti. Mama Pridmore akasema, kumbe ukoo upo, ila una mkia.

Lavinia hakucheka. Haya, alicheka kidogo. Njiani akanishika mkono, akaniambia ana miaka thelathini na minne, haolewi na kaburi, na mbona siku zote namposa kwa mama yake, yeye mwenyewe sijamuuliza hata siku moja? "Njoo Alhamisi, Ambrose, mama hatakuwepo. Waache wafu walale, uje wewe." Moyo wangu! Chakula hakipiti.

Jumatatu, 11 Juni
Maajabu! Mteja aliyekuja kununua bawaba kaniambia kanisa la Minton Parva lina sanamu ya shujaa wa kale, kalala juu ya kaburi lake, na pua yake ni hii hii yangu! Kanisa hufunguliwa Alhamisi tu. Nimemwandikia Lavinia kwamba chai ingoje, babu kwanza. Ataelewa, maana yote haya nayafanya kwa ajili yake. Septimus naye kapita dukani, nikamweleza yote, akaniambia nisiwe na wasiwasi, Alhamisi ana nafasi, atakwenda kunywa hiyo chai badala yangu. Nimemshukuru sana. Nisingependa Lavinia akae peke yake.