Pembetatu za Shamba la Viazi

Jumatatu, 4 Agosti
Binti yangu Fancy amemaliza chuo na ameleta habari mbaya. Kuna kampuni huko Nakuru, ya droni za kunyunyizia viazi dawa. Bosi wao, Bwana Odero, anakuja Alhamisi. Anataka kuona kama programu ya Fancy inaweza kugawa shamba letu lote kuwa pembetatu, na iache nje bwawa na kaburi la marehemu mume wangu, Kosgei. Ikiweza, Fancy anahama hapa Kuresoi, anaenda kukaa Section 58, huko Nakuru mjini. Nani atamwambia avae sweta? Nimempa hongera, halafu nikaenda zizini kulia.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango wa kumzuia nimeupata nikikamua. Mashimo! Shamba zima hata mimi wa darasa la nne naweza kuligawa. Lakini lenye mashimo? Nimeshika jembe nikachimba matatu katikati ya viazi. Jirani, Mama Kiptanui, akachungulia juu ya ua, akauliza kama nazika mtu. Nikasema ni ya mbolea. Akasema kijana wake yeye hahami, anajenga hapo hapo nyuma ya jikoni. Huyo mama!

Fancy alipoyaona akafurahi! Eti ndio mtihani mzuri. Akanionyesha kwa laptop. Programu inachora mstari kutoka ukingo wa shamba hadi ukingo wa shimo, kama vile mtu akate kanjia ka kwenda bwawani. Shimo linaungana na nje, ukingo unakuwa mmoja. Halafu inamega kona moja, pembetatu. Inamega nyingine, pembetatu. Mpaka shamba linaisha! Chai ilimwagika motoni nikitazama. Nani alikaa chini akafikiria kitu kama hicho?
Mgongo unaniuma bure.

Jumatano, 6 Agosti
Fancy amenipa simu nizunguke mpaka nayo, iweke alama kila ninapopita. Ameniambia nisikate mahali nimeshapita. Nimesikia vizuri sana. Nilipofika kwa ua wa Mama Kiptanui nikarudi nyuma, nikakata mstari wangu mara mbili, nikasalimia ng'ombe, nikaendelea.
Programu imekataa! Imeandika maneno mekundu! Fancy anasema mistari ikikatana haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Nimeosha vyombo nikiimba.

Baadaye. Ugali na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, hajagusa. Anasema labda yeye ndiye mjinga, na Odero anakuja kesho kuona aibu. Mtoto wangu, mjinga! Kuimba kumeisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimechukua simu kabla hajaamka. Nimezunguka mpaka wote, polepole, bila kurudi nyuma, umande hadi magotini. Nikazunguka bwawa. Nikazunguka mashimo yangu ya upuzi. Nikazunguka kaburi, nikamwambia Kosgei mtoto anaenda. Fancy nimemwambia pengine jana simu ilikuwa imelewa.

Odero akafika na gumboot safi. Fancy akabonyeza. Wueh! Shamba likajaa pembetatu, za kijani, za bluu, nene na nyembamba, zimebanana hata kidole hakipiti, na hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Na katikati, kaburi. Limezungukwa kote, na hakuna hata moja iliyomkanyaga mzee wangu. Mashine haikumjua, na imempisha.
Odero akauliza, mathe, unalia? Nikasema ni vitunguu. Sisi hatupandi vitunguu.

Jumamosi, 9 Agosti
Fancy ameenda. Sweta mbili, nusu gunia la viazi. Nimeapa mbele ya Mungu sitaingilia mambo yake tena.

Jumatatu, 11 Agosti
Amepiga simu. Amekula, anasema. Sasa wanataka shamba la Mama Kiptanui, na mimi ndiye nitazunguka na simu, kwa sababu naaminika. Tafadhali nisikate mstari wangu, amesema, maana nikiukata safari hii itabidi arudi Kuresoi mwenyewe kurekebisha. Hata siku mbili.
Siku mbili!
Gumboot ziko mlangoni. Blanketi lake nimeshaanika.