Karata ya Moyoni mwa Mzee Abdurahman

Jumatatu, 30 Novemba 1964

Nimepata! Njia ya kumwoa Mbeyu nimeipata, tena sikuitafuta. Nimeifagia.

Jana jioni mgeni mmoja wa hapa hotelini Diani, Mwingereza mrefu mwenye masharubu, aliwafanyia wenzake mazingaombwe. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la glasi. Akamwambia mama mmoja mnene achague karata kichwani tu, asiishike wala asiionyeshe. Akamkazia macho mpaka mama wa watu akaona haya. Kisha akamwomba aitaje. Bibi wa kopa, akasema mama. Basi akaambiwa atazame chini ya chombo cha maua kilichokuwa mbele yake. Bibi wa kopa! Watu wakapiga makofi, mama akapiga yowe, mimi nikamwaga soda.

Leo asubuhi nafagia ukumbi. Chini ya zulia, saba ya shupaza. Nyuma ya saa ya ukutani, ree ya uru. Nyuma ya picha ya Malkia, ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa mpaka leo, ghulamu. Kila kona karata! Mjanja yule aliificha pakiti nzima, akangoja kusikia ni ipi iliyowazwa, akaelekeza ilipo. Kumbe ndiyo elimu yote! Ameondoka alfajiri kwenda Mombasa. Nimezikusanya zote na hakuna aliyeziulizia.

Baba yake Mbeyu, Mzee Abdurahman, baada ya Mungu huheshimu karata tu. Nilipopeleka posa alijibu kwamba mtu asiyekumbuka turufu hatamkumbuka mke. Alisema hivyo mbele ya Chirau! Chirau naye amemposa Mbeyu. Ni mpima miwa kule Ramisi, ana baiskeli yenye vioo viwili, kana kwamba uso ule unahitaji kutazamwa mara mbili.

Jumatano, 2 Desemba 1964

Nimekwenda barazani kwa fundi cherehani hapa Ukunda, wanapocheza wazee kila baada ya alasiri. Nikatoa shikamoo. Zikarudi marahaba nne. Ya nne ilikuwa ya Chirau, na yeye sikumwamkia.

Mzee Abdurahman alikuwa anashinda, kama kawaida. Turufu ilikuwa kopa. Turufu ikiwa kopa mzee huyu hashindwi, na kichwa humwasha sana. Huvua kofia, hujikuna, huivaa tena, kisha huiangusha saba ya kopa mkekani kwa kishindo. Nadhani ni joto.

Nikakohoa. Nikatangaza kwamba mimi, Dzombo, nimejaliwa elimu ya kujua karata aliyoiwaza mtu moyoni. Kikatoka kicheko kilichomwamsha mbuzi wa fundi. Mzee akauliza kama elimu hiyo imenijulisha kwamba nimekalia kashata zake. Nikasema najua. Sikujua! Lakini "sijui" ni neno lililoniponza kwa viboko shuleni, na siku niliyotoka pale niliapa halitanitoka tena mdomoni.

Mzee akakata shauri. Jumapili atakuja nyumbani kwetu, atawaza karata. Nikiitoa, posa yangu itasikilizwa upya. Nisipoitoa, Chirau atajibiwa siku hiyo hiyo. Chirau akatabasamu mpaka ufizi.

Nitaitoa!

Ijumaa, 4 Desemba 1964

Nimeficha karata kutwa, isipokuwa muda wa kwenda msikitini. Bibi wa shupaza ndani ya gunia la mchele. Mfalme wa uru, ambaye wazee wetu humwita mzungu wa nne, ndani ya birika kuukuu lisilotumika. (Uhuru tumepata, lakini katika karata Wazungu bado wako.) Ree ya kopa ndani ya mto. Ghulamu nimemweka chini ya kuku anayeatamia. Amenidonoa mara mbili, lakini hebu fikiria mshangao wa mtu anayeambiwa amwinue kuku!

Nane, tisa na kumi sikuzificha. Ninatumia akili. Wazee wetu wakifungua pakiti huzitoa hizo na kuzitupa, hawazichezi kamwe. Nani atawaza takataka? Moja ya hizo nimeikunja na kuisukumia chini ya mguu wa kiti cha mgeni, maana kinayumba na sitaki mzee ayumbe.

Pahali pote nimepatungia wimbo ili nisisahau. Shangazi Dama, mwenye nyumba, ameniuliza kwa nini ninamwimbia kuku. Nimemwambia wanawake hawaelewi mambo haya. Amenipa ndoo nikachote maji.

Jumapili, 6 Desemba 1964

Furaha! Nitaandika kwa mpangilio.

Mzee alifika, nyuma yake Chirau amembebea mwavuli, na nje hakuna mvua wala jua. Mbeyu hakuja, si desturi, lakini niliona leso aliyojitanda nyuma ya ua wa makuti.

Shangazi, kwa kumheshimu mgeni, akatoa birika kuukuu! Kahawa ikagoma kumiminika. Akafunua kifuniko, mzungu wa nne huyo, amelowa chapachapa. Nikasema ni dawa ya kuongeza harufu. Ukaja wali, na katika upawa akaja bibi wa shupaza. Nikasema ni mdalasini wa Ulaya. Mzee akamsogeza pembeni ya sahani kwa adabu, akaendelea kula.

Kisha akasema tayari, amewaza. Nikamkazia macho kama yule Mwingereza. Naye akanikazia. Kope zangu ndizo zilizoshindwa. Nikasema nimeshaiona, sasa aitaje tu ili na wengine wasikie.

"Kumi ya kopa," akasema. Akaongeza kwamba elimu ya kweli haichagui, na ndiyo maana kaniwazia karata inayotupwa.

Kumi! Nikauimba wimbo wote moyoni, mbele nyuma, hamna kumi. Nikatamani mimi ndiye niwe chini ya kuku. Chirau alikwisha kuanza kujifuta jasho kwa leso mpya, nadhani anajiandaa kupongezwa. Mzee naye akaanza kucheka. Alicheka, akaegemea nyuma, akacheka zaidi. Kiti kikateleza! Mzee miguu juu, na mikono yote miwili kaishika kofia badala ya kujizuia asianguke. Chirau akakimbia kumwinua. Palepale pa mguu wa kiti akaona kitu kimekunjwa. Akakikunjua.

Kumi ya kopa!

Nilikuwa nimesahau kabisa! Hata sikuitazama nilipoikunja. Uso wa Chirau ulikuwa uleule wa siku aliyogonga ng'ombe kule Msambweni. Mimi nikasema kwa upole kwamba nilikuwa ninamngoja Mzee ainuke mwenyewe.

Jumatatu, 7 Desemba 1964

Umaarufu! Kabla ya chai watu walikuwa wamejaa mlangoni. Jirani yetu Mapenzi amepotelewa na mbuzi. Nzai anataka kujua nani aliyemlia papai lake. Mchuuzi wa ng'ombe amekuja kutoka Kinango anauliza mvua itanyesha lini, maana huko hata visima vimechoka. Wote nimewaambia najua, ila karama haitumiki Jumatatu.

Barazani nilikaribishwa kwa namna ya ajabu. Nilipotokea tu, wazee wakashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Baya, mwenzake Mzee katika mchezo, akafumba macho kabisa, akawa anacheza kwa kupapasa. Nikaomba nafasi mkekani. Hakuna aliyenipa. Wanasema anayeona ya moyoni ataona na ya mkononi. Wivu huo.

Mzee Abdurahman aliondoka mapema. Kichwa hakikumwasha hata mara moja, na alifungwa michezo yote.

Alhamisi, 10 Desemba 1964

Balaa.

Mzee ameniita kwake. Sikukaribishwa ndani. Alizungumza nami mlango umefungwa, sauti tu, nisije nikamwona uso. "Mwanangu Dzombo," akasema, "elimu yako nimeikubali, wallahi. Lakini mtu na mkwewe ni kustahiana na kusitiriana. Wewe ukija hapa kunywa uji, mimi nitakwenda kuwazia wapi?" Jumapili atapokea posa ya Chirau. Anasema Chirau haoni hata kilicho mbele ya baiskeli yake, na mkwe anatakiwa awe hivyo.

Nimefaulu, na kufaulu kumeniangusha! Nilihisi kulia, nikalia kidogo, nyuma ya msikiti.

Mbeyu akanikuta akitoka kuuza mahamri. Akaniambia ninyamaze. Anajua kuwa sijui lolote, maana Ijumaa alinichungulia kupitia ua nikigombana na kuku. Alicheka mpaka akamwaga mbaazi. Akasema Chirau ana vioo viwili lakini hajawahi kumchekesha hata kwa bahati mbaya. Moyo wangu!

Halafu akanipa shauri. Jumamosi ni sherehe ya Jamhuri, watu wote watakuwa uwanja wa shule, na chifu atataka nionyeshe elimu yangu. Mzee akishawaza karata yake, niseme neno moja mbele ya watu: sijui. Basi baba yake atatulia, na mimi nitakuwa mtu kama watu wengine. "Neno moja tu, Dzombo. Utaliweza?" Nikasema nitaliweza. Nimelifanyia mazoezi njia nzima. Sij. Siju. Linakwama.

Jumamosi, 12 Desemba 1964

Bendera, ngoma, watoto wa shule wameimba mpaka sauti zikawakauka. Chifu alihutubia muda mrefu hata mbuzi wa fundi alijiondokea. Kisha nikaitwa mbele.

Mzee Abdurahman akaletwa, kanzu nyeupe, uso umemparama. Akasema amewaza. Mbeyu yuko upande wa wanawake, midomo yake inaniumbia lile neno. Nami nilikuwa nalo, liko mwisho wa ulimi. Si...

Chirau akacheka.

Nikafikiri upesi. Kwa nini nikose kama mjinga? Kukosa nako kuna ufundi wake. Mbeyu anataka nikose, vema, nitakosa kosa kubwa ambalo Ukunda haijapata kuliona! Nikatafuta jambo lisilowezekana kabisa. Nikanyoosha kidole, nikatangaza kwamba Mzee amewaza saba ya kopa, na saba yenyewe imo ndani ya kofia yake.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikainama kumshukuru kila mtu. Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo ni Mzee. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Mzee Mwero, ambaye amekuwa akifungwa karatani na Mzee Abdurahman tangu enzi za gavana, akainuka polepole. Akasogea. Akaivua ile kofia.

Saba ya kopa. Kuukuu, imepinda ikafuata umbo la kichwa.

Siwezi kuandika kelele zile. Wazee wametaka michezo yote irudiwe tangu mwaka wa nzige. Baya ameapa hakujua, na hakuna aliyemwamini. Chifu amesema Jamhuri haitaki wadanganyifu. Mzee Abdurahman alipita katikati ya watu kichwa wazi, na Mbeyu nyuma yake, amefunika uso kwa leso. Hakunitazama.

Jumatatu, 14 Desemba 1964

Mbeyu amekuja mwenyewe. Macho yamemvimba. Alikataa kuketi, akasimama penye ua. Amesema baba yake hali chakula, hatoki hata kwenda kuswali. Posa ya Chirau haikupokelewa jana, maana nyumba yenye aibu haipokei wageni. Lakini Mzee ametoa kauli moja. Ikiwa nilibahatisha tu, basi ni aibu iliyoletwa na Mungu, naye ataimeza, atanisamehe, na yaliyobaki yatazungumzika. Ikiwa nilijua tangu awali nikamvua nguo mbele ya Ukunda nzima, hataki kunisikia maisha yake yote.

Akaniuliza taratibu, kama anayemlisha mtoto: nilijua kwamba saba imo kofiani?

Watu walikuwa wanapita njiani. Nzai wa papai alisimama kusikiliza. Mchuuzi wa Kinango naye, bado anangoja mvua. Wote wananitazama mimi, Dzombo.

Nikasema nilijua tangu zamani.

Mbeyu akajitwika beseni lake la mahamri, akaenda zake. Shangazi Dama alikuwa mlangoni. Aliniita jina la mnyama ambalo sitaliandika. Magharibi tukasikia Chirau amejibiwa ndiyo, na harusi ni baada ya Idi.

Inauma. Inauma sana, sitaficha. Nimelala chali tangu hapo nikilitafuta kosa langu, na sasa nimeliona. Karata zilikuwa chache! Ningezificha na nane, na tisa, na kumi zote, nisingehitaji kiti, na pasingekuwa na kiti pasingekuwa na lolote kati ya haya.

Lakini yaliyopita yamepita. Wapishi hotelini wanasema Ijumaa anakuja Mzungu mwingine, naye hufungiwa sandukuni kwa kufuli na kamba, kisha hutokea pahali pengine kabisa, amevaa suti. Mathalani, katikati ya harusi ya watu. Hebu fikiria uso wa Chirau! Sanduku tunalo, la marehemu mjomba, lile la mvule. Nimekwisha kuingia mara moja kupima, na magoti yanaenea.

Shangazi ameniuliza kama najua namna ya kutoka. Nimemwambia najua.